Kukimbia Nje ya Sukari

Isongole, saa mbili asubuhi. Ukungu umeingia darasani
bila hodi, umekaa dawati la nyuma.
Nina nusu chaki na Kidato cha Pili B,
watoto hamsini na mmoja, masweta ya kijani yaliyotoboka viwiko,
na somo la leo: vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia.

Nikaandika ubaoni. Nikasema,
neno la kwanza ni kimbia, la pili nje, la tatu ya.
Msijumlishe kama hesabu.
Mwingereza akisema amekimbia nje ya sukari
hajatoka mbio, hajavaa raba.
Yuko jikoni kwake, kijiko mkononi, anachungulia kopo.

Darasa likacheka. Gwakisa akauliza, kutoka dirishani:
"Sasa mwalimu, nani kakimbia? Yeye au sukari?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mtaala.

Kwetu sukari ndiyo huondoka.
Imekwisha, tunasema, kama mgeni aliyemaliza haja yake akaaga.
Au imetuishia, na hapo inauma kidogo,
ile "tu" imekaa katikati kama kibanzi kidoleni.
Au tumeishiwa:
sisi ndio tuliotendwa, mikono mitupu,
na hatukukimbia popote.
Chumvi, vocha, mbolea mvua zikiwa zimeshaanza,
vyote hutuishia tukiwa tumekaa palepale.
Mtu akifika dukani kwa Mwasomola akasema "nimeishiwa",
Mwasomola hufungua daftari la madeni.
Haulizi umeishiwa nini.

Nikawapa zoezi, sentensi tano kila mmoja.

Usiku nikasahihisha, mvua ikitwanga bati.
Tumekimbia nje ya unga. Vema.
Lori limekimbia nje ya dizeli mlimani. Vema.
Mwalimu wetu amekimbia nje ya chaki.
Huyo Gwakisa. Vema, na adabu sifuri.
Kisha daftari la Ikupa, mwandiko uliolala kama majani ya viazi baada ya jalidi,
namba tano:

Baba yangu amekimbia nje ya sisi.

Kalamu nyekundu ikasimama.

Kanuni iko wazi. Anayekimbia nje ya kitu
alikuwa nacho, akakitumia, kikaisha.
Mtu haishiwi watu.
Na baba yake namjua, utingo wa malori ya viazi,
aliyekuwa akiruka juu ya lumbesa kama paka juu ya ukuta.
Msimu wa juzi aliruka, lori likashika njia ya Tunduma.
Lori lilirudi. Lina utingo mwingine sasa.

Mtu haishiwi watu.
Au huishiwa?
Labda alituchota kidogo kidogo,
cheko la asubuhi, uji aliowekewa kando,
jina lake likiitwa getini,
akachota na kuchota, hadi siku moja
kijiko kikakwangua chini ya kopo.

"Sukari hakuna," mke wangu akasema kutoka jikoni.
Nikacheka peke yangu, vibaya.
Nikajitupia koti kichwani, nikakimbia nje,
matope hadi kwenye soksi,
nikamgongea Mwasomola aliyekwisha kufunga,
nikarudi na robo kilo chini ya kwapa.

Daftari lilikuwa bado wazi.
Namba tano sikuipa vema, sikuipa kosa.
Nikaandika pembeni kwa penseli, afute akitaka:
Kwa Kiswahili ungesemaje?

Jumatatu likarudi.
Chini ya swali langu neno moja
ambalo nimelitafuta kwenye kamusi zote mbili za shule
na sikulipata:

Katuishiwa.